Injini ya Mama Pazia

Watu walimwita Mama Pazia kwa sababu ya kazi yake. Alishona mapazia, kisha akaenda mwenyewe kuyatundika. Alipima dirisha, akakata kitambaa, akashona, halafu akapakia kila kitu garini: mapazia yaliyokunjwa vizuri, fito za chuma, ngazi ndogo na drili. Siku ya kutundika ndiyo aliyoipenda zaidi. Mwenye nyumba alisimama katikati ya chumba, akazungusha macho, akasema, "Lo! Kumbe chumba changu ni kizuri hivi?"

Kisha Mama Pazia alirudi nyumbani kwake. Nyumbani hapakuwa na mtu.

Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliopita. Binti yao wa pekee alifanya kazi nchi ya mbali. Alipiga simu kila Jumapili, na simu ilipokatika, nyumba ilizidi kuwa kimya. Mama Pazia aliwasha redio jikoni, si kwa ajili ya habari, bali apate kusikia sauti ya mtu. Wakati mwingine alijikuta akimjibu mtangazaji. "Haya, na wewe asubuhi njema."

Gari lao lilikuwa la zamani, lenye mlango mkubwa nyuma. Mumewe alikuwa amelitunza kama mboni ya jicho. Kisha akapata kiharusi. Mguu wake mmoja ukafa ganzi, akawa hawezi tena kukanyaga pedali. Ndipo Mama Pazia akajifunza kuendesha, naye kichwani ana mvi tayari. Mumewe aliketi kando yake.

"Wewe tazama barabara," alimwambia. "Mengine niachie mimi."

Hayo mengine yalikuwa mengi. Yalikuwa mishale na taa zilizo nyuma ya usukani. Yalikuwa maji, oili, na mlio wa injini. Mama Pazia alitazama barabara, mumewe akatazama mengine yote. Gari moja liliendeshwa na watu wawili.

Sasa kiti cha kando kilikuwa kitupu. Siku moja aliweka mkoba wake juu ya kiti kile. Alipofika kwenye kona akautazama, akasimamisha gari, akauhamishia nyuma. Hakutaka mkoba ukae pale.

Matatizo ya gari yalianza kidogo kidogo. Asubuhi moja aliona maji ya kijani sakafuni, chini ya pua ya gari. Akayafagia. Siku nyingine alisikia harufu tamu, kama ya sukari inayoungua. Akafungua dirisha. Halafu kulikuwa na mshale mmoja mdogo ambao zamani ulikaa katikati. Siku hizi ulipanda juu, karibu na mstari mwekundu. Mama Pazia aliuona. Akajiambia labda ndivyo ulivyo. Angemwuliza nani?

Kwenye kituo cha mafuta, mhudumu alifungua boneti akasema, "Mama, maji yamepungua." Akamtilia maji, na mshale ukashuka. Basi tangu siku hiyo Mama Pazia alibeba dumu la maji. Gari likichemka, alisimama, akasubiri, akatia maji, akaendelea. Hakumwambia binti yake. Hakutaka mtoto ahangaike huko aliko.

Mchana mmoja alikuwa anatoka kwa mteja, akipanda mtaa wenye mwinuko karibu na kwake. Gari likakosa nguvu. Nyuma ulitoka moshi mweupe, mzito. Mbele mvuke ukafuka kutoka kwenye boneti. Injini ikagonga ka! ka! ka! ikazima. Gari lilisimama hatua chache kutoka kwenye geti lake.

Magari mengine yalimpita. Mmoja alipiga honi kwa hasira. Mama Pazia alishuka. Akafungua boneti, akachukua kitambaa, akashika kifuniko cha rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini.

"Usifungue! Mama, usifungue hicho!"

Aliyepiga kelele alikuwa jirani yake. Nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Jirani huyo alifundisha ufundi wa magari kwenye chuo cha mtaa wa pili, na watu walimwita Mwalimu. Aliishi na mama yake mzazi, ajuza mgonjwa. Kwa miaka mingi Mama Pazia na Mwalimu, wanawake wawili majirani, walisalimiana getini. Habari za leo? Nzuri. Za kwako? Nzuri. Kisha kila mmoja akaingia kwake na kufunga mlango.

Mwalimu alitupa begi lake chini, akamshika mkono na kumvuta nyuma.

"Humo ndani maji yanachemka, tena yamefungiwa," alisema huku akihema. "Ukifungua yatakurukia usoni. Rejeta ikiwa ya moto huigusi. Unaacha mpaka ipoe kabisa."

"Nilitaka kuongeza maji."

"Najua. Lakini sasa hivi hata maji ya baridi ni adui. Chuma cha moto ukikimwagia maji ya baridi, kinapasuka. Kwani limeanza lini kuchemka?"

Mama Pazia alikunja kile kitambaa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kitambo sasa."

"Na mshale wa joto ulikuwa unafika wapi?"

"Upi huo?"

Mwalimu alimtazama. Akaingiza kichwa ndani ya gari, akaonyesha kwa kidole. "Huu hapa. Unakuonyesha joto la injini. Ukikaa katikati, endelea na safari. Ukipanda kuelekea kwenye mstari mwekundu, tafuta mahali salama usimame, uzime gari. Usijiambie utafika tu. Halafu utafute maji yanapotea wapi. Kuongeza maji kila siku ni kama kumpangusa mtoto kamasi bila kumtibu mafua."

"Haya mambo alikuwa anayatazama Baba," alisema Mama Pazia. Baba ndivyo alivyomwita mumewe.

"Najua," alisema Mwalimu. "Nilikuwa nawaona mkipita."

Wapita njia wawili walisaidia kulisukuma gari mpaka ndani ya geti. Mwalimu akaenda kumpa mama yake dawa. Mama Pazia alibaki uani peke yake, akilitazama gari likitoa mvuke mpaka mvuke ukaisha.

Kesho yake alikuja shemeji yake, mdogo wa marehemu. Alikuwa mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. Alizunguka gari mara moja, akalipiga teke gurudumu.

"Shemeji, hii injini imekwisha. Usipoteze muda. Kuna jamaa yangu anauza injini zilizotumika. Ana moja, we acha tu! Inang'aa kama sahani ya harusi. Twende leo hii."

Binti naye, aliyekwisha kuambiwa na baba yake mdogo, alipiga simu. "Mama, uza hilo gari. Uza kama lilivyo. Utapanda teksi."

"Na ngazi yangu? Na fito za mapazia? Teksi gani itabeba?"

"Mama, mimi nakuwaza wewe, wewe unawaza fito!"

Wote wawili walimpenda. Lakini hakuna aliyemwuliza yeye anataka nini. Yeye alitaka injini ile ile itengenezwe. Mumewe alikuwa ameishika kwa mikono yake, akaisafisha na kuibadilishia oili kila ilipofika wakati. Itolewe itupwe?

Siku mbili hakwenda kazini. Wateja wawili walipiga simu, akawaambia wasubiri. Mmoja akasema hawezi kusubiri, atatafuta fundi mwingine. Mama Pazia aliketi mbele ya cherehani bila kushona. Nyumba ilikuwa kimya. Hata redio hakuiwasha. Mwishowe alitoka uani, akasimama kando ya ukuta, akaita, "Mwalimu! Mwalimu, upo?"

Haikuwa kawaida yake kuita mtu. Alishtuka kusikia sauti yake mwenyewe.

Mwalimu alichungulia juu ya ukuta, mikono ikiwa na povu la sabuni.

"Shemeji anasema ninunue injini nyingine," alisema Mama Pazia. "Binti yangu anasema niuze gari. Mimi nataka kuitengeneza hii hii. Nifanye lipi?"

"Mpaka sasa hata mmoja wenu hajui ndani kuna nini," alijibu Mwalimu. "Daktari hakupi dawa kabla hajapima. Jumamosi sina kipindi. Nitakuja na vifaa, tupime kwanza. Tukishajua kilichoharibika, ndipo uamue."

Jumamosi asubuhi Mwalimu alifika akiwa amevaa ovaroli ya bluu. Kwanza alivuta kijiti cha kupimia oili. Akamwonyesha Mama Pazia.

"Unaona rangi gani?"

"Kama chai ya maziwa."

"Umesema kweli. Oili inatakiwa iwe na rangi ya asali, au nyeusi ikishatumika. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Na ule moshi mweupe mzito ni maji yanayoungua ndani. Ungekuwa wa bluu, ningesema injini inakula oili. Ungekuwa mweusi, ningesema inakunywa mafuta kupita kiasi."

Kisha alifungua plagi zote za kuwashia moto, akachukua kipimo cha hewa chenye mshale na uso wa duara kama saa.

"Ndani ya injini yako kuna silinda nne," alisema. "Kila silinda ni kama pampu ya baiskeli. Pistoni inapanda, inabana hewa. Hewa ikivuja, nguvu hakuna. Sasa ingia ndani, zungusha ufunguo nikikuambia. Nikisema 'basi', acha."

Mama Pazia aliingia, akazungusha ufunguo. Injini ililia nyii-nyii-nyii bila kuwaka. Walipima silinda ya kwanza, kisha zilizofuata. Mbili zilibana vizuri. Mbili zilikuwa dhaifu sana.

Mwalimu alitia oili kidogo ndani ya zile mbili, wakapima tena. Silinda moja ikapanda. Nyingine ikabaki pale pale.

Mwalimu alijikuna shingo. Hakufurahi.

"Sema tu," alisema Mama Pazia.

"Hii ambayo haikupanda, hewa inatokea juu. Huenda ni gasketi, ule utando unaoziba kati ya kichwa cha injini na silinda, huenda ni vali, vile vilango vya hewa. Ingekuwa hiyo tu, ningekuambia tengeneza bila kusita. Unabadilisha gasketi, kichwa kinasawazishwa kwenye mashine, unaendelea na kazi zako. Injini kuwa ya zamani si sababu ya kuitupa."

"Na ile nyingine?"

"Ile nyingine ilipata nafuu nilipotia oili. Maana yake inavujia chini, kwenye ringi, zile pete zinazoizunguka pistoni. Oili imeziba pengo kwa muda tu. Joto limeumiza juu na chini. Lakini hiki ni kipimo cha nje. Nakuomba tuipeleke gereji, wafungue kichwa, tuone kwa macho."

Mama Pazia alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva, mkono mmoja ukiwa kwenye kile kiti kitupu.

Gari lilivutwa mpaka gereji. Fundi mkuu wa pale alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alifungua kichwa cha injini, kisha akamwita Mama Pazia asogee.

"Mama, njoo uone mwenyewe. Usichukue maneno yangu tu."

Alimwonyesha ufa mwembamba kwenye kichwa. Kisha akamwambia apitishe kidole ndani ya silinda. Ukuta wa silinda ulitakiwa uwe laini kama kioo. Kidole cha Mama Pazia kiligusa mikwaruzo mirefu, kutoka juu mpaka chini.

"Naweza kuitengeneza," alisema fundi. "Sitakudanganya kwamba haiwezekani. Lakini kichwa hiki hakifai tena, kitatakiwa kingine. Silinda zichongwe upya, pistoni mpya, ringi mpya, beringi mpya. Ni kuifumua yote. Na vipuri vya injini hii ni vya kusaka kwa tochi. Gharama itakuwa kubwa kuliko ya injini iliyotumika iliyo nzima, tena kubwa sana."

"Na gari lenyewe?" aliuliza Mwalimu. "Maana bodi ikiwa imeliwa na kutu, hata injini mpya haitasaidia. Hapo bora auze, kama anavyosema binti yake."

Fundi aliingia chini ya gari na taa. Alikagua chuma, breki, giaboksi na springi. Akatoka akitabasamu. "Gari limetunzwa. Huyo aliyelitunza alikuwa na mkono."

Mama Pazia aligeuza uso. Aliangalia ukutani, palipotundikwa spana, kubwa mpaka ndogo. Wenzake wakamwachia nafasi.

Baadaye Mwalimu akasema taratibu, "Dada, ukiitengeneza hii kwa sababu ya huzuni, utailipia huzuni kila mwezi. Sikwambii usihuzunike. Nakwambia tu, mkono wa Baba haumo kwenye injini peke yake. Umesikia fundi alivyosema."

Mama Pazia alirudi nyumbani kwa miguu. Alitaka kutembea. Njiani aliwaza kazi yake. Anahitaji gari kila siku. Anapanda milima. Anakwenda peke yake, na gari likizima hana wa kumsaidia. Hakuhitaji gari la kumkumbusha mumewe. Kumbukumbu zilimtosha, tena zilimzidi. Alihitaji gari la kumfikisha aendako na kumrudisha.

Alipofika getini alikuwa ameamua. Akampigia shemeji.

"Tutabadilisha injini. Nitakuja kuiona hiyo yako. Lakini nitakuja na maswali."

"Maswali? Shemeji, ile ukiiona tu, unamaliza maswali!"

Walikwenda watatu, Mama Pazia, Mwalimu na shemeji. Injini ya jamaa ilikuwa juu ya tairi, imeoshwa na kupakwa rangi ya fedha. Kweli iling'aa. Mwalimu alimtazama Mama Pazia tu.

Mama Pazia akamkabili muuzaji. "Imetoka kwenye gari gani?"

"Gari zuri tu, mama."

"Naweza kuisikia ikiunguruma?"

"Utaisikia ukishaifunga."

"Naweza kuzipima silinda zake?"

"Mama, injini safi hivi unaipima ya nini?"

"Ina karatasi? Ikinisumbua mwezi wa kwanza, naweza kuirudisha?"

Muuzaji alicheka. "Mali ikishatoka hapa, imetoka."

"Basi na ibaki," alisema Mama Pazia. "Nimeoga mimi pia asubuhi, lakini magoti bado yananiuma."

Mwalimu alicheka mpaka akashika tumbo. Hata shemeji alicheka, ingawa alijitahidi asionekane. Walipotoka nje alisema, "Hata mimi ile rangi niliitilia shaka tangu mwanzo." Hakuna aliyembishia.

Walitembelea sehemu nyingine. Ya tatu ilikuwa yadi ya mama mmoja aliyeuza vipuri vya magari yaliyopata ajali. Nyuma ya yadi kulikuwa na gari la aina ile ile, limegongwa ubavuni. Injini ilikuwa bado imo ndani, chafu, ina vumbi. Lakini ilipowashwa ilishika mara moja. Mama Pazia aliangalia moshi. Hapakuwa na mweupe mzito, wala bluu. Akavuta kijiti cha oili mwenyewe. Rangi ilikuwa nyeusi, bila maziwa. Mwalimu akapima silinda zote nne. Zilikuwa karibu sawa.

"Hicho ndicho ninachotaka kuona," alisema Mwalimu. "Zote zina nguvu, na hakuna iliyoachwa nyuma."

Mwenye yadi alitoa karatasi zenye namba ya injini. Mwalimu akailinganisha na namba iliyochongwa kwenye chuma, herufi kwa herufi. Mwenye yadi akaandika pia kwamba injini ikileta shida katika kipindi walichokubaliana, ataibadilisha. Mama Pazia alisoma yote kabla ya kutia saini.

Kazi ya kufunga ilichukua siku kadhaa. Fundi hakuitumbukiza tu injini ndani. Kabla haijaingia, alibadilisha mkanda wake, pampu ya maji na sili za kuzuia oili isivuje, maana vitu hivyo ni rahisi kuvifikia injini ikiwa nje. Aliweka pia rejeta mpya.

"Kwa nini rejeta?" aliuliza shemeji. "Iliyoharibika si injini?"

"Rejeta ndiyo iliyoiua injini," alijibu fundi. "Ilikuwa inavuja, maji yakaisha, joto likapanda. Ukiacha ile rejeta, utaua na hii."

Mama Pazia alikuwapo injini ya zamani iliponyanyuliwa kwa mnyororo. Alikuwa amejiandaa kulia. Ilining'inia pale, nyeusi, ikidondosha oili kwenye beseni. Aliisogelea, akaigusa. Ilikuwa ya baridi. Alisubiri ahisi kitu. Kilikuwa chuma tu, chuma kizito kilichofanya kazi kwa miaka mingi. Akajifuta mkono, akasema, "Ahsante." Fundi alidhani anamshukuru yeye, akajibu, "Karibu, mama."

Kisha alikwenda kwenye ofisi ya usajili wa magari, wakaandika namba mpya ya injini kwenye kadi ya gari. Mwalimu alikuwa amemsisitizia hilo. Bila hivyo, siku ya kuuza gari au ya kukaguliwa barabarani, angepata taabu.

Sasa kila asubuhi, injini ikiwa bado ya baridi, Mama Pazia hufungua boneti. Huangalia maji. Huvuta kijiti cha oili, hukifuta, hukirudisha, hukivuta tena. Huinama kuangalia kama kuna tone chini. Ni kazi ndogo, haimalizi hata wimbo mmoja wa redio. Barabarani, macho yake hushuka mara kwa mara kwenye mshale, kisha hurudi mbele. Barabara na mengine yote anayatazama mwenyewe.

Mteja wa kwanza baada ya matengenezo alikuwa muuguzi anayeishi mlimani. Mama Pazia alipanda mwinuko ule mrefu polepole. Mlio wa injini ulikuwa mwingine. Wa zamani ulikuwa na sauti nzito, huu ulikuwa mwembamba kidogo. Alipofika juu mshale ulikuwa katikati, umetulia. Akafurahi sana, akageuka kando amwambie mtu.

Kiti kilikuwa kitupu.

Alisimamisha gari, akakaa kidogo mikono ikiwa kwenye usukani. Safari hii hakuzuia machozi. Injini iliendelea kuunguruma, haikupanda joto, haikuzima. Akajifuta kwa kipande cha kitambaa cha pazia, akaenda kutundika mapazia ya watu.

Aliporudi jioni hakuingia kwake moja kwa moja. Alisimama mbele ya geti la jirani, akapiga honi. Mwalimu akatoka.

"Vipi mshale?"

"Katikati. Kwenda na kurudi."

"Mlima wote?"

"Wote."

"Basi mbona unasimama nje? Ingia ndani."

Katika miaka yote ile Mama Pazia hakuwahi kuingia nyumba hiyo. Sebuleni, mama yake Mwalimu alikuwa amelala kwenye kitanda kilichosogezwa dirishani. Alikuwa mdogo kama mtoto, lakini macho yake yalikuwa makali.

"Nani huyo?" aliuliza ajuza.

"Shikamoo, mama," alisema Mama Pazia. "Mimi ni jirani yako. Wa ng'ambo ya ukuta huu."

"Marahaba." Ajuza alimtazama kwa makini. Ghafla uso wake ukachangamka. "Kumbe ni wewe mwenye chafya!"

"Chafya?"

"Kila asubuhi unapiga chafya, nyumba nzima inatetemeka!"

Mama Pazia aliona haya. "Ni vumbi la vitambaa, mama. Samahani kama nakusumbua."

"Unanisumbua nini? Mimi hulala hapa namsubiri mwanangu arudi kutoka kazini. Sina wa kuongea naye. Nikisikia chafya yako, mimi hukwambia, 'Afya, mwanangu!' Kila siku nakwambia. Hunisikii tu."

Mama Pazia alivuta kiti, akakaa karibu na kitanda. Ajuza akampa mkono wake mwembamba, naye akaupokea kwa mikono yake yote miwili.